Kumbeba Aliyelala

Laptopu ya Mwalimu ilikuwa na umri wa miaka tisa, na diski yake ya gigabaiti 320 ilikuwa imeanza kulia: tik, kimya, tik. Fundi yeyote akiusikia mlio huo hupunguza sauti yake. Nilivuka kutoka Mbita kwa boti ya asubuhi, tukakipita kisiwa cha Rusinga, nikashukia kisiwa cha Takawiri kwenye ule mchanga mweupe, omena ikiwa imeanikwa juu ya nyavu. Ndani ya koti nilikuwa na diski mpya ya SSD, terabaiti moja, niliyoizungushia nailoni isipate maji.

Mwalimu alinipa chai kwanza. Kisha akaniambia, "Fundi, kila kitu kibaki kilipo."

Nilimwelewa. Humo mlikuwa na mitihani ya miaka yote hiyo, hesabu za chama, na folda moja aliyoiita WAZEE: sauti za wazee wa Kisuba aliowarekodi kisiwani Mfangano na hapo hapo Takawiri, wakisimulia kwa Olusuba. Lugha hiyo imefunikwa na Kidholuo kiasi kwamba wajukuu wengi wa Abasuba hawaijui.

Wako mafundi watakaokwambia: nakili mafaili, weka Windows upya, yamekwisha. Mimi sikubaliani nao. Kuweka upya ni kula bando la gigabaiti kadhaa mahali ambapo mtandao huja na kuondoka, kisha kutafuta programu ya printa ambayo sidii yake ilishapotea. Tena kuna mpangilio wa mtu. Mwalimu anajua faili la alama liko kona ya chini kushoto, mkono wake unakwenda huko wenyewe. Ukimwekea upya, umemrudishia vyombo vyake vikiwa vimerundikwa mlangoni. Kuklonu, yaani kuinakili diski yote kama ilivyo, ni kazi nyingine. Ni kama mama anavyomwinua mtoto aliyesinzia mkekani, akamlaza kitandani, na asubuhi mtoto anaamka akiendelea na neno aliloliacha jana.

Aliyenifundisha kazi hakusema kuklonu, alisema kughosti, kwa jina la programu ya Ghost ambayo Murray Haszard aliiandika kule Auckland, New Zealand, mwaka 1995. Leo kwa diski nzima natumia Clonezilla, zawadi ya bure kutoka Taiwan. Kwa diski mgonjwa nachukua ddrescue ya Antonio Diaz Diaz, na kama kuna programu ninayoipenda kama mtu anavyolipenda jembe lake, ni hiyo. Haing'ang'anii penye kidonda. Huchota kwanza panaposomeka kwa wepesi, huparuka panapokwama, kisha hurudi baadaye kupadonoa kidogo kidogo, hata kwa kusoma kinyumenyume. Na muda wote huandika ramani ya ilikofika.

Kabla ya kuianzisha kuna dakika moja ambayo siongei na mtu. Amri inataka chanzo kitangulie na diski inayopokea ifuate. Ukizigeuza, utupu wa diski mpya unamwagwa juu ya maisha ya mtu. Niliwahi kuzigeuza nikiwa mwanagenzi, na picha za harusi za mama mmoja hazikurudi. Majina ya sda na sdb ambayo diski hupewa siyaamini, kwa sababu kompyuta ikizimwa na kuwashwa yanaweza kubadilishana. Naamini namba iliyochapwa kwenye diski yenyewe. Kwa hiyo nilifungua skrubu, nikaisoma namba ya diski ya zamani kwa tochi ya simu, nikaiandika kiganjani kwa kalamu, nikailinganisha na ya kwenye skrini herufi kwa herufi. Mwalimu alisimama mlangoni bila kuuliza kitu. Ndipo nikabonyeza.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa nne usiku betri ya sola ikachoka, taa ikafifia, kompyuta ikazima. Betri ya laptopu yenyewe ilishakufa zamani. Tulikuwa tumefika asilimia 71. Mwalimu akashika kichwa. Nikamwambia, "Mwalimu, tulale, ramani ipo." Nilikuwa nimeihifadhi kwenye flashi ya pembeni, si kwenye diski yoyote kati ya zile mbili. Tulikaa nje kidogo. Mwezi haukuwapo, na ziwani taa za wavuvi wa omena zilikuwa zimesambaa mpaka ungedhani kuna mji majini.

Jua lilipopata nguvu nilitoa amri ile ile, na programu ikaendelea kutoka asilimia 71, bila kugusa tena ilichokwisha kuchota. Adhuhuri ikamaliza. Kipande kisichofika kilobaiti 100 kilikataa kabisa. Nilikichunguza, kikawa mahali pasipo na faili, nami nikamweleza Mwalimu hivyo hivyo.

Bado nafasi. Diski ya terabaiti moja, ambayo Windows huihesabu gigabaiti 931, ilikuwa inajiona ya 298 tu, maana nakala huja na mipaka yake ya zamani. Huwezi kuutanua ukuta moja kwa moja, kwani baada ya C:, sehemu yenye Windows na mafaili, kuna kisehemu cha uokozi kimekaa njiani. Watu wa Mbita wanalijua jambo hili. Tuta lililounganisha mji wao na Rusinga miaka ya 1980 liliziba mkondo, na maji ya pande mbili hayakukutana mpaka lilipojengwa daraja. Nilikisogeza kile kisehemu hadi mwisho kabisa, kisha nikaiacha C: itiririke.

Diski ya zamani niliitoa kabla ya kuwasha, kwani mbili zenye kitambulisho kimoja zikikutana, Windows huiweka moja kando. Niliifunga kwa gazeti, nikaandika tarehe, Mwalimu akaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Akawasha. Picha ile ile ya ziwa, faili la alama kona ya chini kushoto. Hakulitazama. Alikwenda WAZEE, akachagua moja. Mzee akaanza kusimulia kwa Olusuba, akakohoa, na nyuma yake jogoo wa siku ile akawika. Mwalimu akaongeza sauti.