Leni ya Tatu: Kinachookoa ni Waya, si Lami

Ukishuka kutoka Dundori hadi Lanet, nchini Kenya, unakutana na A8. Kuanzia hapo kuelekea Gilgil, barabara hiyo kuu, kwa sehemu kubwa, imekuwa kwa miaka mingi na leni mbili tu: ya kwenda na ya kurudi. Trela lenye shehena likianza kupanda mlima, msururu hujipanga nyuma yake, kila dereva akivizia upenyo. Na magari yakikutana ana kwa ana, watu hufa kwa mkupuo. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana hivyo kwenye A8 hiyohiyo huko Migaa, karibu na Salgaa. Waliofariki walikuwa 36.

Uswidi ilikuwa na tatizo hilo kwenye barabara zake za upana wa mita 13, zenye leni mbili na mabega mapana. Mwaka 1998, kwenye E4 karibu na Gävle, wahandisi waligawa upya upana uleule kuwa leni tatu. Upande mmoja hupewa leni mbili kwa kilomita moja au mbili, kisha zamu inageuka. Katikati wakasimamisha vigingi vyembamba vilivyoshika nyaya za chuma. Dereva akisinzia na kuacha leni yake, hugonga waya badala ya basi. Vifo kwenye barabara za aina hiyo vilipungua kwa takriban robo tatu, kwa gharama ndogo sana kuliko ya leni nne.

Kasoro zipo. Lori likiharibika penye leni moja, ambulensi hupita kwa taabu. Leni mbili zinapoungana, wenye haraka hubanana. Magari yakizidi, mpango huu hulemewa. Kwa A8 yenyewe, kazi ya kuipanua kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025.

Barabara ndogo kama ya Dundori zina tatizo lingine: mashamba na mageti kandokando. Bodaboda ya maziwa au mkokoteni wa punda uliojaa viazi ukizuiwa na waya kukata kona, utalazimika kwenda mbali kugeuza. Wengine watarudi kwa upande usio wao, na hatari itakuwa imehama tu.

Kwa hiyo leni ya tatu ijengwe kwenye miinuko isiyo na mageti, pamoja na waya, njia za waendao kwa miguu na mahali salama pa kugeuzia. Leni ya tatu iliyotengwa kwa rangi pekee isijengwe kabisa, kwa sababu inamwalika dereva kulipita trela bila kumkinga na anayekuja mbele yake.