Fundi wa barua zisizotoka

Alipofika hakugusa kompyuta. Alitua begi sakafuni, akasema, "Shikamoo mama," akavuta kiti akakaa ubavuni mwa karani.

"Marahaba, mwanangu. Hii kitu imenikataa tangu jana jioni."

Ofisi ni chumba kimoja kilichopachikwa kwenye banda la kupakia mboga, huku Nduruma, na dirisha lake linatazama mfereji. Kreti zimepangwa, orodha ya mzigo iko tayari kwenye skrini, lakini barua pepe ya kuipeleka haitoki. Kila mama akibonyeza kutuma, kinaibuka kisanduku kinachoomba neno la siri. Akilijaza, kinapotea, kisha kinarudi kuliomba upya.

Mimi nilikuwa nasubiri usafiri wa kwenda Tengeru. Nilitegemea kuona nilichozoea kwa mafundi: kufuta akaunti, kuiweka upya, kuzima mashine, kuiwasha, na dua kidogo. Huyu akauliza, "Kwenye simu, barua zinafunguka?" Hapa ofisini hazifunguki, mama akasema, ila jana usiku nyumbani zilifunguka. "Nyumbani una Wi-Fi?" "Wi-Fi nitoe wapi? Bando." Akaliandika jibu hilo kwenye daftari dogo la mistari, akapiga mstari chini ya neno "bando".

Watu wa huku kazi ya namna hii wanaijua. Maji yasipofika shambani kwako, huinami kwenye jaruba ukautazama udongo. Unapanda na mfereji hadi kwenye banio, ukikagua kila mgawanyo njiani. Fundi naye alianza kupanda.

Alifungua kompyuta yake, akaiunganisha na Wi-Fi ya ofisi, akaita seva kwenye mlango namba 587, ambao programu za barua hupitishia barua zinazotoka. Kimya. Akahamia bando la simu yake, akaita tena. Safari hii seva ilijibu papo hapo kwa namba 220, ambayo ni kama kusema "karibu". Basi seva ni nzima, iko macho, ila ofisi hii haiitikii. Akaingia ndani ya seva na kutazama orodha ya fail2ban, mlinzi anayehesabu makosa ya kuingia. Kwa mipangilio yake ya kawaida, ukikosea mara 5 ndani ya dakika 10 anakufungia nje dakika 10. Anwani ya ofisi ilikuwemo. Mama alikuwa amejaribu, akafungiwa, akafunguliwa, akajaribu tena, na simu yake iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo ikafungiwa pamoja naye.

Akaifungulia. Mimi nikadhani tumemaliza. "Haya ni matokeo, chanzo bado," akasema, na kabla ya kitu kingine akaiweka programu ya mama isiunganike kwanza, isije ikamrudisha gerezani tukiwa tunaongea.

Hatua iliyofuata ilikwenda polepole zaidi. Aliandika amri ya openssl, ya kukagua cheti cha seva, kwa mkono, herufi kwa herufi, na skrini ikajaa mistari. Akasoma mitatu tu: jina lililo kwenye cheti cha seva, tarehe za mwanzo na mwisho, na jibu la uhakiki, ambalo lilikuwa 0, maana yake hakuna dosari. Jina akalilinganisha na lililoandikwa ndani ya Outlook ya mama. Tarehe akazilinganisha na saa ya kompyuta ya mama, kwa sababu mashine iliyokufa betri ya ndani huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na cheti kizima ikakiona kibovu. Vyote vikakubaliana. Akaweka vema tatu kwenye daftari.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikulijua. Ukibisha hodi kwenye mlango huo kabla mazungumzo hayajasimbwa, seva hiyo inataja yote inayoyaweza ila haitaji habari za kuingia. Haiombi neno la siri hadharani. Mkishasimba, ukabisha hodi mara ya pili, ndipo unapotokea mstari wa AUTH, yaani wa kuingia. Utaratibu wa barua wa mwaka 1982 haukuwa na neno la siri kabisa, kila aliyebisha aliaminiwa. Uthibitishaji na usimbaji viliongezwa mwaka 1999, kama komeo lililopigiliwa kwenye mlango wa zamani, na unaona pale lilipoungwa.

Akarudi kwenye kumbukumbu za seva. Kila jaribio la mama lilikuwa limeacha mstari uliokwisha hivi: UGFzc3dvcmQ6. Ningeulizwa, ningesema ni virusi. Fundi akacheka kidogo. Huo ni msimbo wa base64, wala haufichi kitu. Ukiufumbua unapata neno Password na nukta mbili. Ni swali la seva lenyewe, limenakiliwa kwenye taarifa ya kushindwa. Kilichomhusu ni kwamba mazungumzo yalifika hadi kwenye swali hilo. Njia ni safi, cheti ni kizuri, hodi imeitikiwa, jibu ndilo lililokataliwa.

"Mama, neno ulilibadilisha lini?"

"Jana mchana, kwenye simu."

Hakumuuliza ni neno gani. Aliandika amri fupi isiyoonyesha kinachochapwa, akamsogezea mama kompyuta yake, akageuza uso kwenye dirisha. Amri ile ililisimba neno kwa printf badala ya echo, kwani echo hubandika mwishoni alama ya mstari mpya isiyoonekana, na neno sahihi likageuka la uongo. Mama akachapa. Seva ikajibu 235: umeingia.

Vidole ni vilevile na neno ni lilelile, ila kibodi ni nyingine.

Fundi akasogea kwenye mashine ya mama, akafungua ukurasa mtupu wa Notepad. "Usiandike neno lako. Shikilia Shift, pitisha kidole kwenye namba, moja mpaka tano." Kitufe cha 2, ambacho juu yake imechorwa @, kikatoa alama ya kufungulia usemi. Cha 3 kikatoa pauni ya Uingereza, ambayo hakuna aliyeiomba. Fundi akaonyesha kona ya chini kulia ya skrini: ENG, na chini yake herufi mbili, UK. Kibodi imechapwa Kimarekani, Windows inaisoma Kiingereza. Alt na Shift zikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya, mpangilio unahama. Herufi zote zinabaki palepale, kwa hiyo barua zinaandikika kama kawaida, na anwani programu humkamilishia yenyewe. Lakini neno jipya lina @ ndani, na kwenye kisanduku kile kila alama huonekana kitone.

"Kumbe sikukosea," mama akasema.

"Hukukosea, mama."

Akauondoa mpangilio wa UK, ukabaki mmoja. Akairuhusu programu kuunganika, mama akachapa neno lake mara moja. Kisanduku hakikurudi. Orodha ya mzigo ikatoka, na kwenye kumbukumbu za seva ukapita mstari mfupi wenye anwani ya mama, bila lile neno la base64. Fundi akajaribu simu kwenye Wi-Fi, ikafungua. Akaandika saa kwenye daftari.

Halafu akaomba mashine izimwe na kuwashwa, aone kama UK itarudi. Ni mashine nzito kuamka. Gari langu lilipopiga honi nje alikuwa bado amekaa, mikono magotini, akiitazama kona ile ya skrini.