Tusisifu takataka, tusifu sikio: Konono No. 1 na mashine yangu ya Karavia



Leo siandiki juu ya mahindi wala chokaa ya kupunguza asidi ya udongo. Nataka kuzungumzia albamu moja, Congotronics ya Konono No. 1, iliyotoka mwaka 2004 kwa Crammed Discs ya Ubelgiji, na kosa nililofanya mimi mwenyewe juu ya kuisikiliza vibaya. Mwenzetu mmoja aliniuliza: «Agronome muzima, unashinda na chuma ya kulehemu, unatafuta nini?» Hili ndilo jibu. Ni refu kidogo, munivumilie.

Wasiojua: Konono No. 1 ni kundi la Kinshasa lililoanzishwa na mzee Mawangu Mingiedi, Mzombo kutoka upande wa mpaka wa Angola, aliyefariki mwaka 2015. Mzee alikuwa na shida ya kawaida kabisa. Likembe, ile ambayo wengine kwetu huita kisanji, ina sauti ndogo, na Kinshasa ina kelele. Akazungusha waya wa shaba kwenye sumaku za vyuma vya magari ya zamani, akapata mikrofoni. Likembe tatu, moja ya sauti nzito, moja ya katikati, moja ya juu, zikapita kwenye spika kubwa za kengele. Watu wa nje walichelewa kusikia. Rekodi ya mwaka 1978 ilitoka Ufaransa mwaka 1986, na ilibidi wasubiri hadi Congotronics ndipo dunia ianze kupiga kelele nayo.

Kuhusu hii mikrofoni, tuelewane. Si uchawi. Ulimi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku, umeme kidogo unatembea ndani ya waya wa shaba uliozungushwa pale. Ndiyo ileile kanuni ya gitaa la umeme. Sisi watu wa Lubumbashi tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa, maana shaba inapita mbele ya macho yetu ndani ya malori kila siku.

Lakini soma maandishi mengi ya kuisifu albamu hiyo. Utaona neno moja linarudi: takataka. Waafrika wametengeneza muziki na takataka, ajabu! Wengine wanasema mzee alifika kwenye muziki wa elektroniki kwa bahati, bila kujua. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza, nikiwa bado ku unif, niliamini vilevile. Nikajiambia: kama yeye aliweza na sumaku za gari, mimi nitaweza na chipi za zamani. Njo vile nilianza.

Nilitafuta chipi ya AY-3-8910, ya kampuni General Instrument, ya mwaka 1978. Ndugu zake walikuwa ndani ya kompyuta za Amstrad CPC, ambazo Wafaransa walicheza nazo sana miaka ya themanini. Ina sauti tatu za mraba na kelele moja ya kushirikiana. Nilinunua mbili. Moja ilikuwa imefutwa maandishi na kuandikwa upya. Haikutoa hata mlio mmoja. Ya pili ilifanya kazi. Nikaiunga na Arduino, ile bodi ndogo ambayo mikrokontrola yake inatembea kwa 16 MHz. Ukigawa kwa 8 unapata 2 MHz, hiyo ndiyo saa ya chipi. Programu nilichukua ya mtu wa mbali, nikaibandika bila kubadilisha kitu. Jioni umeme uliporudi, sintetizeri yangu iliimba. Nilikuwa na furaha kama mutoto.

Nikaipeleka kwa baba mudogo. Yeye ana likembe ya ndimi tisa, iliyopangwa sauti na marehemu baba yangu, na tangu msiba hakuna mtu aliyegusa mpango ule. Nikamwomba apige, nimfuate na mashine. Tulicheza labda dakika mbili. Akasimamisha mkono.

«Hii kintu yako inaimba,» akasema, «lakini inaimba kizungu. Haitujue.»

Nilikasirika. Nililaumu spika, nikalaumu chipi, kidogo nimlaumu na yeye. Usiku nikarudia Congotronics, wimbo wa pili, Lufuala Ndonga, na nikasikia kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita. Mimi nilisikiliza mkwaruzo tu, ule mngurumo wa spika zilizozidiwa. Chini yake kuna likembe tatu zinazojuana. Sauti zao hazikupangwa kwa piano, zimepangwa zenyewe kwa zenyewe, na hakuna moja inayomwomba ruhusa mtu wa nje. Mngurumo unakuja juu ya mpango huo. Ukiondoa mpango, unabaki na gari linalohitaji fundi.

Hapo niliona kosa langu, na lilinipa haya juu ni kosa la kazi yangu mwenyewe. Ni agronome gani anamwaga mbolea kwa kipimo kilichoandikwa juu ya mfuko, bila kupima udongo wa shamba? Mimi nilifanya hivyo. Ndani ya programu ile kulikuwa na jedwali la nambari, nambari moja kwa kila sauti, na lote lilikuwa jedwali la piano.

Basi nikapima. Nilirekodi ulimi mmoja mmoja kwa simu. Ulimi wa tatu ulitoa 318 Hz. Piano haina sauti hiyo: ina 311, ina 330, katikati hakuna. Chipi, yenyewe, haina ubishi. Unachukua 125,000, unagawa kwa sauti unayotaka, unapata nambari ya kumpa. Kwa 318 ni 393. Kumbe chipi haikuwa ya kizungu, jedwali ndilo lilikuwa la kizungu.

Nisiisifu kupita kiasi. Juu kabisa inakuwa kipofu: nambari 125 inatoa 1000 Hz, 126 inatoa 992, katikati hupati kitu. Nguvu ya sauti ina ngazi 16 tu, kwa hiyo ulimi unapozimika unasikia unashuka kama mtu kwenye ngazi. Na kelele yake moja haifikii zile pete ndogo za likembe zinazolia zzz kila moja kwa tabia yake. Mzee Mingiedi hakuwa na shida hizi, kwa sababu sauti yake ilianza kwenye chuma na kidole, umeme ulikuja kuikuza tu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, jina Congotronics linauza vizuri lakini linadanganya kidogo. Linaweka umeme mbele ya sikio. Albamu yenyewe ni bora kuliko hadithi iliyoisindikiza, na anayeingia kwayo kupitia mlango wa takataka atatoka na mkwaruzo tu, kama nilivyotoka mimi.

Nawaandikia hivi kwa sababu kati yetu kuna wengi wanaojaribu: mwingine anatengeneza kipima unyevu cha shamba, mwingine mashine ya kutotolesha vifaranga. Watu watakuja kutupiga picha na kusifu makopo. Tukubali sifa, lakini tujiulize kama kitu kinajua mahali kilipo.

Msimu wa mvua uliopita ulimi wa tatu wa likembe ya baba mudogo ulivunjika, kutu iliumaliza. Alikaa kimya siku nzima. Fundi mmoja alitupondea mwingine kutoka kwenye spoku ya baiskeli. Lakini nani anakumbuka sauti ya baba? Nikaleta mashine, nikaandika 393, nikaiacha ilie. Baba mudogo alisukuma ulimi mupya polepole, ndani, nje, ndani tena. Sauti mbili zilipigana, zikatetemeka, mtetemo ukapungua, ukaisha.

Akapiga ndimi zote tisa kutoka mwanzo. Kisha akaniambia: «Sasa zima hiyo kintu, tusikilize.»

Nikazima.