Dhahabu Iangalie Mwisho

Mtu wa Kivu hafundishwi dhahabu. Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, katika makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo leo yamejaa Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine, wapo wazee waliokulia kandokando ya machimbo ya Kivu Kusini. Huko dhahabu huhesabiwa kwa tola, yaani gramu 11.66, na kwenye mizani midogo sarafu na njiti za kiberiti hufanya kazi ya mawe ya kupimia. Mpe mmoja wao saa ya dhahabu: ataipima kiganjani kwanza, kisha ataigeuza kutafuta muhuri. Akiuona, ameridhika.

Mimi siridhiki hapo. Dhahabu ni malighafi, na mwenye kiwanda aliinunua sokoni kama mtu mwingine yeyote. Kazi yake aliyoifanya kwa mkono inaonekana kwingine, na huko ndiko macho yaanzie.

Saa nzuri ya kujifunzia ni 222 ya Vacheron Constantin, hata kama utaishia kuiona kwenye simu tu. Kampuni hiyo ya Geneva ilianzishwa mwaka 1755. Ilipofika 1977, yaani miaka 222 baadaye, ikatoa saa yenye jina la hesabu hiyo, iliyochorwa na Jorg Hysek, wakati huo bado kijana. Mwaka 2022 waliirudisha ya dhahabu ya manjano toka kasha hadi mkanda, kwa kipenyo kilekile cha milimita 37. Pete inayozunguka kioo ina meno, pingili za katikati ya mkanda zina pembe sita, na msalaba mdogo wa Malta umepachikwa kwenye kasha karibu na alama ya 5. Wapenzi wa saa waliipokea kwa shangwe, na sikatai. Ila ukiitazama, jaribu kusahau kwamba inang'aa.

Tazama kingo. Saa ya aina hii ina sehemu zilizopigwa mistari myembamba ya msasa na sehemu zilizong'arishwa zikawa kama kioo. Mahali zinapokutana pawe na mpaka mmoja mkali, usiopinda wala kufifia. Mpaka huo ndio ghali, kwa sababu mashine ya kung'arishia haiwezi kuuheshimu bila mkono wa mtu kuizuia. Kazi ikiharakishwa, kona hulainika kama sabuni iliyokwisha kutumika nusu. Dhahabu nayo ni laini kuliko chuma, hivyo saa kuukuu ya dhahabu yenye kona kali bado ama haikuvaliwa sana, ama ilibahatika kutokutana na fundi anayependa kung'arisha kila kinachopita mezani kwake. Mafundi wa namna hiyo wamejaa, Mbarara na kwingineko, na wateja huwashukuru.

Usihukumu kingo ndani ya duka. Taa nyeupe nyingi huzika kasoro. Omba utoke nayo barazani, uigeuze polepole jua likiipiga kwa ubavu.

Kisha mkanda, na hapa chukua muda wako. Kwenye 222 mkanda umeota kutoka kwenye kasha lenyewe. Huwezi kuubandua ukaweka wa ngozi kutoka kwa muuza mikanda wa barabarani, kwa hiyo mkanda ni nusu ya saa. Ishike saa kwa ubavu, mkanda ukiwa umelala sambamba na ardhi, uone unavyoning'inia. Ukijikunja chini sana, pini na matundu yake yamekwisha kulika. Ukunje kwenye kidole: pingili zipindane bila kugoma na bila kuacha mianya. Pitisha kidole upande wa ndani, ule unaogusa ngozi. Mtengenezaji mvivu huuacha mkali, akijua picha haifiki huko, na wewe utaujua siku ya joto mkanda utakapoanza kung'oa vinyweleo. Kifungo kifunge kwa mlio mmoja mfupi.

Uso wa saa unahitaji kioo cha kukuzia, kile ambacho fundi hukibana jichoni. Alama za saa ziwe zimepachikwa, si kuchapwa, na zote zisimame wima. Mshale wa dakika ufike kwenye mstari wa dakika. Ukiwa mfupi, huenda umetoka saa nyingine. Tarehe ikae katikati ya dirisha lake. Kuhusu matoleo mapya ya saa za zamani, nina neno. Watengenezaji wengi hupaka alama rangi ya kung'aa gizani iliyotiwa umanjano makusudi, ili saa ya mwaka huu ionekane imekaa juani miaka 40. Wengine wanaipenda. Mimi naona ni uzee wa kuazima, na saa ikiwa na mchoro mzuri haina haja nao.

Ukienda Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, utasikia habari za Rolex zenye jambia la nembo ya nchi usoni. Zile za kweli ziliagizwa na Sultani Qaboos kupitia duka la Asprey la London ili kutoa zawadi. Jambia moja dogo huongeza bei mara nyingi, kwa hiyo wachapaji wa nyuso bandia nao hawalali. Huko jina la Rolex ni fedha. Mbarara, ambako rolex ni chapati ya mayai, ukilitaja mchana kijana wa chapati ataanza kuvunja mayai.

Sasa ndiyo tufike kwenye dhahabu. Karati 18 maana yake ni sehemu 750 katika 1,000, na ndiyo maana muhuri husomeka 750. Saa za Uswisi za tangu 1995 hupigwa pia kichwa cha mbwa wa St. Bernard, za kabla yake zenye karati 18 zilipigwa kichwa cha mwanamke, Helvetia. Nyuma pakiandikwa GP, au SGP kwa Seiko, ni ya kuchovya. Pakiandikwa kwa Kiingereza kwamba kifuniko cha nyuma ni chuma kisichoshika kutu, mjadala umefungwa. Sumaku haisaidii sana: dhahabu haivutwi, lakini shaba nyekundu na ya njano hazivutwi pia, na saa nyingi za kuchovya ndani ni shaba. Usimruhusu sonara akwaruze kasha kwa jiwe lake na tindikali. Mwombe achomoe pingili moja ya mkanda, aipime kavu, kisha aipime ikining'inia ndani ya maji. Gawa uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Dhahabu ya karati 18 hutoa 15 na kitu. Shaba na chuma huchezea 8. Ila pingili iliyo na uwazi ndani hudanganya kipimo hiki, na mikanda mingi ya zamani ilikunjwa kwa bati jembamba la dhahabu.

Tuseme ukweli wa mkoa: mezani kwa mafundi utakuta zaidi Seiko 5 za kuchovya na Casio za rangi ya dhahabu. Hazistahili dharau. Casio A168 ya dhahabu ina kasha la plastiki lililopakwa, mkanda wa chuma, na haipotei zaidi ya sekunde 30 hivi kwa mwezi. Saa ya mashine ya bei ya nyumba inaweza kupotea hizo kwa siku chache. Angalia kama rangi ya kasha na ya mkanda inafanana, maana ni vitu viwili tofauti vilivyopakwa rangi moja, na kwenye feki ndipo panapoachana. Rangi huanza kukimbia kwenye kifungo.

Seiko 5 ndiyo yenye utamu wa kuchunguza. Namba ya nyuma inakupa umri: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, huku O, N na D zikisimama badala ya Oktoba, Novemba na Desemba. Siku zikiandikwa pia kwa Kiarabu, huenda ilitengenezwa iuzwe nchi za Kiarabu. Uso ukiwa na rangi kali mno, ya chungwa au kijani, kwenye kasha lililochakaa, huenda umepakwa upya, na nyingi za namna hiyo hutoka India. Inaweza kuwa saa nzuri ya kazi. Isilipiwe kama ya asili.

Mwisho omba ifunguliwe. Matoleo mapya kama 222 ya 2022 yana kioo nyuma, unaiona mashine ikipiga mara 28,800 kwa saa bila kumsumbua mtu. Ile ya 1977 ilifungwa kabisa. Saa ya mezani kwa fundi haina huruma hiyo. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechanwa, imepita mikononi mwa mtu aliyetumia kisu. Vumbi jekundu la Isingiro likiwa limefika hadi kwenye magurudumu, mpira wa kuzuia maji umekufa. Halafu geuza kifuniko. Mafundi wa zamani walikuwa wakikwaruza upande wake wa ndani tarehe waliyosafisha mashine. Ya karibuni ikiwa na miaka 10, gharama ya kuisafisha na kuitia mafuta uitoe kwenye bei kabla hujafungua pochi.