Safari Iliyobaki Kooni

Acrocephalus palustris ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, uzito wake gramu 12 hivi, anayezaliana Ulaya kwenye magugu marefu ya ardhi yenye unyevu na kuikimbia baridi hadi kusini-mashariki mwa Afrika. Kwa macho hana la ajabu. La ajabu liko kooni. Wimbo wa dume, karibu wote, ni sauti za ndege wengine. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchambuzi wa nyimbo za madume wa Ubelgiji, ambamo alitambua sauti za ndege wa aina 212: 99 za Ulaya na 113 za Afrika. Kila dume aliiga, kwa wastani, aina 76. Hesabu hizo ndizo zinazotajwa kila mara, ila uzito wa kazi ile hauko kwenye wingi. Uko kwenye muda: ndege huyu anaonekana kujifunza katika mwaka wake wa kwanza tu, kisha hazina yake hufungwa. Kwa hiyo anachokiimba akirudi Ulaya ni kumbukumbu ya safari moja, ile ya kwanza. Na si kila sauti ina thamani sawa. Sauti ya shorewanda, anayepatikana karibu kila pembe ya Afrika, haituambii lolote. Ya ndege asiyeonekana nje ya eneo finyu la kaskazini-mashariki mwa bara inatuambia mengi, maana haiwezi kuokotwa kwingine.

Atatokea wa kuuliza: je, kinda hakufundishwa na baba yake sauti hizo za Afrika, kwao huko huko? Jibu liko kwenye mwenendo wa baba mwenyewe. Akishapata jike hupunguza sana kuimba, na makinda wanapoanguliwa huwa karibu bubu. Tena hazina za madume hutofautiana, kila mmoja na mchanganyiko wake. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la sikio: mtafiti hutambua tu ndege anaowajua. Hilo ni kweli, na Dowsett-Lemaire aliweza kwa sababu aliwajua ndege wa mabara yote mawili, jambo adimu. Lakini kasoro hiyo hupunguza idadi, haiizushi. Sauti isiyotambuliwa huachwa nje ya hesabu.

Hata hivyo, ushahidi wa sikio peke yake nisingeuegemea. Kinachoutia nguvu ni kazi isiyohusiana na nyimbo kabisa. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu 1969 ndege wahamaji huvutwa na taa usiku wa ukungu, hunaswa kwa nyavu laini na kuvishwa pete mguuni. Ndege huyu ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi, na kundi kubwa hupita Novemba na Desemba, ilhali Ulaya waliiacha Agosti. Miezi hiyo ya katikati huitumia kaskazini-mashariki mwa Afrika, kule kule nyimbo zilikokwisha kutuelekeza.