Mwali si Mwale: Juu ya Istilahi za Kupimia Haidrokaboni

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mfasiri ni kuvipa majina vyombo ambavyo mwananchi hatavishika kamwe, ilhali usalama wake hutegemea matokeo yake. Njia ya bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 toka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, inapita mkoani Kagera katika wilaya za Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Mahali kama hapo mtendaji wa kijiji Muleba na mwalimu wa kemia Bukoba hawana budi kuulizwa habari za mivujo, nao watajibu kwa maneno tutakayowapa.

Chombo tunachokijadili hutumiwa penginepo duniani kukagua vali na viungio vya mitambo ya mafuta na gesi. Mfasiri mwenye haraka atakiita "kipimagesi". Muundo wa neno hilo hauna kasoro, kwani tunalo neno kipimajoto. Kasoro yake ni kuahidi kuliko chombo kiwezavyo.

Ndani ya chombo huwaka mwali mdogo wa haidrojeni. Peke yake mwali huo hutoa ioni chache mno, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Hewa inayovutwa ikiwa na haidrokaboni, hizo huungua ndani ya mwali na ioni huongezeka. Ioni huvutwa kwa volti hadi kwenye kikusanyio, ukapatikana mkondo hafifu wa umeme, ambao hukuzwa na kusomwa. Mkondo huo hukaribia kulingana na idadi ya atomi za kaboni: molekuli moja ya propani, yenye kaboni tatu, huhesabiwa takriban mara tatu ya molekuli ya methani.

Basi chombo hiki hakitambui monoksidi ya kaboni wala salfidi ya haidrojeni, na zote mbili huua. Mwananchi akiambiwa kwamba "kipimagesi kimesoma sifuri" ataamini kuwa hewa ni salama, na jina ndilo litakalokuwa limemdanganya. Tena, methani itokayo katika vinamasi vya kando ya Ziwa Viktoria huhesabiwa sawasawa na methani iliyovuja. Chombo hakiulizi ilikotoka. Kwa sababu hizo neno haidrokaboni halipasi kuachwa.

Kosa la pili ni dogo kwa jicho, kubwa kwa maana. Maneno mwali na mwale huchanganywa mara nyingi, kwa kuwa yako katika ngeli moja na hutofautiana kwa irabu tu. Mwali ni ulimi wa moto. Mwale ni mshale wa mwanga, kama tusemavyo miale ya jua. Katika mazungumzo ya kawaida mkanganyo huo hauna madhara. Katika fani hii unayo, kwa maana kipo chombo kingine kitoacho ioni kwa miale ya urujuanimno badala ya moto, na nishati ya taa zake haitoshi kuitoa methani ioni. Atakayeandika "mwale" mahali pa "mwali" atakuwa ameagiza chombo kisichoiona gesi ile ile inayotafutwa.

Twapendekeza basi: "kichanganuzi cha haidrokaboni kwa uionishaji wa mwali" kwa chombo cha kwanza, na "kitambuzi cha uionishaji kwa mwale" kwa cha pili. Uionishaji twaupata kwa kawaida ya lugha yetu: ioni, ionisha, uionishaji. Wapo watakaolalamika kuwa istilahi hizi ni ndefu. Ni kweli, lakini zikishatajwa kwa ukamilifu mara moja, yatosha kusema "kichanganuzi cha mwali". Ufupi unaobakiza kazi ya chombo twaukubali. Ule unaoificha, mwalimu asiufundishe wala mtendaji asiuandike katika tangazo la kijiji.