John Wawili wa Stratford

Mwaka 1709 Nicholas Rowe alichapisha tamthilia za William Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili katika Mabepari wa Venisi. Mbele ya tamthilia Rowe aliweka habari za maisha ya mwandishi, na humo akasema baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu mwenye watoto kumi. Rowe mwenyewe hakufunga safari. Habari aliletewa na mwigizaji Thomas Betterton, aliyekwenda Warwickshire kuzitafuta. Idadi hiyo ilikubaliwa hadi mwishoni mwa karne ya 18, Edmond Malone, mwanasheria wa Ireland aliyehamia kwenye uhakiki, alipoyasoma mwenyewe madaftari ya kanisa la Stratford-upon-Avon. Watoto walikuwa wanane.

Tuanze na daftari. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Wengi waliandika kwenye karatasi, na karatasi haidumu. Ndipo mwaka 1598 ikaagizwa zinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Malkia Elizabeth aliposhika kiti. Daftari la kanisa la Holy Trinity la Stratford ni nakala iliyotokana na agizo hilo, lenye mwandiko mmoja nadhifu hadi 1600. Maana yake hata ule mstari maarufu wa Aprili 26, 1564, unaosema kwa Kilatini kwamba Gulielmus mwana wa John Shakspere amebatizwa, tunaousoma leo uliandikwa mtoto mwenyewe akiwa na miaka kama 36.

Sasa pitia ubatizo wa watoto wa John Shakspere. Joan 1558, Margaret 1562, William 1564, Gilbert 1566, Joan tena 1569, Anne 1571, Richard 1574, Edmund 1580. Kinapita kimya cha miaka tisa, halafu wanatokea Ursula 1589, Humphrey 1590 na Philip 1591, baba ni John Shakspere vile vile. Mwenye haraka hujumlisha, na akishajumlisha hata kumi ya Rowe haimshangazi.

Malone alinasa kwenye neno dogo. Baba yake William alikuwa mkuu wa mji mwaka 1568, na baada ya hapo daftari likaanza kumwita Bwana: Anne ni binti wa Bwana Shakspere, na Richard na Edmund wameandikwa hivyo hivyo. Baba yao Ursula na ndugu zake hana Bwana. Ni hoja nzuri, ila peke yake isingenitosha. Joan wa 1569 naye kaandikwa bila Bwana, wakati baba yake ndiye mkuu wa mji. Tena mwaka 1586 mzee huyo aliondolewa udiwani kwa kutohudhuria vikao. Mtu angeweza kusema na heshima yake iliondoka naye.

Kwa hiyo tunahamia kwenye ndoa na maziko. Novemba 1584 John Shakspere anamwoa Margery Roberts, na Oktoba 1587 Margery anazikwa. Lakini Mary, mama yake William, alizikwa Septemba 1608, akiandikwa mjane. Stratford hakukuwa na ukewenza. Basi tuna waume wawili wenye jina moja ndani ya mji mmoja mdogo.

Anayemaliza ubishi ni fundi. Kumbukumbu za mji zinamtaja John mmoja kuwa mshona viatu, mtu wa kuja. Yule wa pili, baba yake William, ni mshona glavu. Hati ya mahakama ya mwaka 1556, aliposhtakiwa kwa deni la pauni 8, inamwita hivyo waziwazi. Msomaji atasema wote ni watu wa ngozi. Sivyo ilivyokuwa. Mshona glavu alitumia ngozi laini ya kondoo, mbuzi au paa, akaitengeneza kwa shabu na chumvi mpaka iwe nyeupe na nyororo. Mshona viatu alihitaji ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa muda mrefu kwenye maji ya magome ya mti. Kila ufundi ulikuwa na chama chake, na sheria ya mwaka 1563 ilidai uanagenzi wa miaka saba kabla ya mtu kujitegemea. Mzee aliyekwishapata wajukuu hahami kutoka meza moja kwenda nyingine. Ni kama kijijini kwetu penye akina Juma wanne: ukisema Juma Cherehani, hakuna atakayekuletea Juma Seremala.

Ufundi huo huo unaeleza pia ile sufu. Ngozi ya kondoo huja na manyoya yake, na mshona glavu hayatupi. Katika karne ya 20 zilipatikana kumbukumbu za hazina ya serikali zinazoonyesha John alishtakiwa mwaka 1572 kwa kununua sufu kinyume cha sheria. Rowe alikosea watoto, akapatia sufu.

Hata hivyo, usiifanye kazi ya mtu kuwa namba ya kitambulisho. Mwaka 1561, katika hati ya mirathi ya baba yake, Richard Shakespeare wa Snitterfield, kijiji kilicho karibu na Stratford, John anaitwa mkulima. Hati za ardhi za 1579 zinamwita mwenye shamba. Ni mtu yule yule mwenye glavu zake. Karani wa ardhi alitaka kujua hadhi ya mtu shambani, karani wa madeni alitaka kujua duka lake. Kabla ya kuamini neno lililo mbele ya jina, uliza limeandikwa na nani na kwa shughuli gani.

Na katika wale wanane wamo akina Joan wawili. Maziko ya Joan wa kwanza hayamo daftarini. Kwamba alifariki akiwa mdogo tunakisia kwa sababu mwaka 1569 jina lake alipewa mdogo wake.